Mpira Uko kwa Nani?

Jioni ya mechi ya Simba au Yanga, ukishuka kwenye daladala pale Picha ya Ndege, kando ya Barabara ya Morogoro, utakuta watu wanasoma. Bodaboda amelaza kiwiko juu ya tangi la mafuta, anasoma. Muuza mahindi ya kuchoma anapepea mkaa kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika simu. Konda anayeita abiria wa Mlandizi anakatiza wito wake, anachungulia kioo, kisha anaendelea kuita. Wote wanasoma maandishi yaleyale: majina mawili ya timu, tarakimu mbili, na dakika.

Tumeambiwa mara nyingi kwamba Watanzania hawasomi. Hawa wanasoma, tena wanayarudia maandishi hayohayo kila baada ya nusu dakika kwa makini ambayo mwandishi yeyote wa riwaya angeyaonea wivu. Kwa hiyo nimeona niyachukulie maandishi hayo kwa uzito uleule ambao wasomaji wake wanayapa, niyahakiki kama tunavyohakiki hadithi. Nani anasimulia? Anamsimulia nani? Kipi kimeachwa nje, na kwa faida ya nani?

Tuanze na umbo lake. Livescore, Flashscore, Sofascore, FotMob: majina hayo yamekaa kwenye simu za vijana kama zamani majina ya stesheni yalivyokaa kwenye kioo cha redio ya mbao. Flashscore imetoka Jamhuri ya Czech, Sofascore imetoka Croatia, FotMob imetoka Norway. Ligi yetu imo ndani yake, pamoja na ligi za nchi ambazo msomaji wa Kibaha hangeweza kuzionyesha kwenye ramani. Ukifungua, unakuta mistari. Kila mechi ni mstari mmoja. Goli ni kipira kidogo mbele ya jina la mfungaji. Kadi ni kijimstatili cha njano au chekundu. Mapumziko ni HT, mwisho ni FT, ambazo kijiweni husomwa "haftaimu" na "fulutaimu" bila mtu kujiuliza herufi zimetoka wapi. Kwa mechi kubwa za Ulaya mambo huwa mengi zaidi: asilimia za kumiliki mpira, idadi ya mashuti, na alama kwa kila mchezaji, 6.8 huyu, 7.4 yule, kama mwalimu anayesahihisha madaftari ya darasa zima.

Kitu ambacho hutakiona ni kitenzi. Hakuna aliyepiga, aliyepenya, aliyeteleza, aliyeruka, aliyeokoa. Kuna jina na kuna dakika. Hadithi nzima ya dakika tisini inasimuliwa bila kitenzi hata kimoja, na kwa msomaji wa Kiswahili hilo ni jambo zito, maana lugha yetu hubeba karibu kila kitu ndani ya kitenzi. "Amempokonya" ni neno moja, lakini ndani yake mna mtu wawili, mna wakati, mna ugomvi. Kipira kidogo mbele ya jina hakina hata kimoja kati ya hivyo.

Ni rahisi kuona upungufu huu kwa sababu tunacho cha kuulinganisha nacho. Mpira wa Kiswahili ulikulia redioni. Kabla ya picha kufika kwenye nyumba nyingi, Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ndiyo uwanja. Charles Hilary, aliyefariki Mei 2025, alianza kujulikana hapo kabla sauti yake haijafika BBC na baadaye Azam. Halima Mchuka alitangaza mpira redioni wakati kazi hiyo ikihesabiwa kuwa ya wanaume. Upande wa pili wa mpaka, Wakenya walikuwa na Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 2025. Watu hawa walikuwa na tatizo moja kubwa la kisanaa: msikilizaji wao haoni kitu. Kila hatua ilibidi itamkwe. Mpira uko upande wa jukwaa kuu au upande wa pili? Beki amesimama wapi? Mlinda mlango ametoka au amebaki mstarini?

Kutokana na shida hiyo walitengeneza lugha. Kuotea, majalo, mkwaju, chenga, tobo, kanzu, ndani ya kumi na nane. Dakika za mwisho waliziita za lala salama, na zile za nyongeza wakaziita za majeruhi. Tazama maneno hayo yanavyofanya kazi. "Lala salama" inakuambia kwamba mmoja anataka mechi iishe alale na pointi zake, na mwingine anataka kumnyima usingizi. Programu huandika 90+4. Taarifa imetimia, na imekuacha ujue mwenyewe kama ni wakati wa kukaa au wa kusimama.

Jirani yetu mmoja, fundi cherehani wa zamani ambaye macho yake yameingia ukungu wa mtoto wa jicho, hawezi tena kusoma kioo cha simu. Siku za mechi hukaa kwenye benchi la duka la vocha na kumfanya kijana wa dukani kuwa macho yake. Nilikuwepo siku moja walipokuwa wakizungumza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wangapi?"

"Bila bila."

"Dakika?"

"Ya sitini na tatu."

"Mpira uko kwa nani?"

Kijana alitazama simu. Akaivuta chini kwa kidole ijipakie upya, akatazama tena.

"Babu, haisemi."

"Sasa inasema nini?"

"Bila bila."

Mzee hakuwa anatania. Kwa mtu aliyelelewa na redio, "mpira uko kwa nani" ndilo swali la kwanza, kwa sababu ndilo swali la sasa hivi. Matokeo ni jambo lililokwisha kutokea. Programu inayojisifu kwamba ni ya mubashara haina jibu la kitu kinachotokea wakati huu. Inalo jibu la kilichokwishatokea tu. Zipo zinazochora kiwanja kidogo cha kijani na kuonyesha kwamba timu fulani inashambulia, lakini hizo nazo hazimtaji mtu mwenye mpira mguuni. Zinataja hatari.

Hapo ndipo tunapaswa kuuliza anayesimulia ni nani. Wengi tunadhani ni mashine. La hasha. Nyuma ya kipira kidogo kuna binadamu. Kampuni za takwimu kama Sportradar na Genius Sports hulipa watu wakakae uwanjani, au mbele ya runinga, wakiwa na kifaa mkononi, na kila tukio linapotokea wanabonyeza: kona, kadi, penalti, goli. Taarifa hiyo huruka kwenda kwenye mitambo na kutoka hapo kuuzwa kwa wateja. Yupo mtangazaji, basi. Amekaa jukwaani, anaona yote: anaona kipa amejifuta jasho, anaona kocha amerusha chupa, anaona winga amelala chini akijifanya ameumia ili kula muda. Lakini hakuajiriwa kwa ajili ya hayo. Ni mtangazaji aliyefungwa mdomo na kuachiwa kidole.

Na kwa nini mtu alipwe kubonyeza kwa haraka kiasi hicho? Msikilizaji wa redio angeweza kusubiri sekunde kumi bila kudhurika. Asiyeweza kusubiri ni mwenye kampuni ya kubeti, anayepokea dau wakati mechi inaendelea, na ambaye akichelewa kujua goli kwa sekunde chache ataliwa na aliyeko uwanjani. Kasi ya takwimu hizi imejengwa kwa hitaji hilo. Ndiyo maana kwenye programu nyingi za matokeo, pembeni ya majina ya timu, hukaa tarakimu nyingine zenye nukta, 1.85, 3.40, 4.20, na tangazo la kampuni ya kubeti linasubiri kidole kiteleze. Nchini kwetu jambo hili limezungukwa na sheria tangu Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 ilipounda Bodi ya kusimamia, na halijifichi: SportPesa iliingia vifuani mwa Simba na Yanga zote mbili mwaka 2017, na M-Bet ikavaliwa na Simba kuanzia 2022.

Kwa hiyo dai langu ni hili. Programu za matokeo zinasimulia mpira kwa ajili ya mtu mwenye mkeka mfukoni. Mtu huyo hahitaji kitenzi. Mkeka wake una mechi tisa, moja ya Uturuki, moja ya Norway, moja ya Sokoine kule Mbeya, na anachotaka kujua kwa kila mstari ni kama umesimama au umechanika. Umbo la maandishi linamtosha kabisa; limekatwa kwa kipimo chake. Sisi wengine, pamoja na yule mzee wa kwenye benchi, tunasoma hadithi ambayo haikuandikiwa sisi, halafu tunashangaa kwa nini haitushibishi.

Madhara ya jambo hili yanaonekana vizuri zaidi pale mechi inapokataa kuwa mstari mmoja. Chukua Juni 3, 2023. Yanga walikuwa Algiers, mkondo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Mkondo wa kwanza, Mei 28 kwenye Uwanja wa Mkapa, walikuwa wamefungwa 2-1. Algiers, Djuma Shabani alifunga kwa penalti mapema, na baadaye Djigui Diarra aliokoa penalti ya wenyeji mbele ya uwanja mzima wenye moshi na fataki. Ikaisha 1-0 kwa Yanga. Anayesoma mstari anaona kwamba Yanga wameshinda fainali ugenini, Uarabuni, mahali ambapo timu zetu zimezoea kurudi na aibu. Chini yake, kwa herufi ndogo, kuna jumla ya 2-2 na maelezo kwamba kombe limekwenda kwa wenyeji kwa magoli ya ugenini. Maneno hayo ni ya kweli yote. Lakini hayawezi kueleza usiku ule ulikuwa nini kwa mtu wa Yanga: umeshinda, unalia, na unajivunia kitu ambacho jedwali halina safu ya kukiweka. Penalti ya Diarra, ambayo kila mwenye Yanga yake anaweza kuisimulia akiwa amefumba macho, kwenye mstari ni alama ya msalaba juu ya kipira.

Au chukua siku ambazo mechi haikuchezwa. Mei 8, 2021, watani wa jadi walipangiwa saa 11 jioni. Siku hiyohiyo muda ukasogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga wakafika kwa saa ya awali, wakasema kanuni hazikufuatwa, wakaondoka. Mechi ikaahirishwa huku watu wameshajaa majukwaani. Machi 8, 2025 ikatokea tena kwa sura nyingine: Simba walisema walizuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Mkapa usiku wa kuamkia mechi, wakatangaza hawachezi, Bodi ya Ligi ikaahirisha, Yanga wakaenda uwanjani hivyo hivyo. Mechi ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Mwezi Machi ule hapakuwa na habari nyingine nchini. Kwenye daladala za kwenda Mbezi watu walibishana kanuni kwa namba za ibara kama mawakili. Programu iliandika neno moja, la Kiingereza, lenye maana ya kuahirishwa, kisha mstari ukahamia tarehe nyingine. Kwa mwenye mkeka hilo linatosha, maana linamwambia kama dau lake litarudishwa. Kwa historia ya mpira wa nchi hii, neno hilo ni mlango uliofungwa mbele ya nyumba inayowaka.

Mtu atasema: basi acha matokeo, tazama mpira wenyewe. Picha zipo kwenye simu. Ni kweli. Azam TV ilianza Desemba 2013, na Mei 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 wa haki za matangazo ya ligi. Mechi ambazo zamani zilikuwa tetesi kutoka mikoani sasa zinaonekana, kwenye kisimbuzi na kwenye programu ya simu. Kitenzi kimerudi, na kimerudi na mwili wake.

Lakini mtiririko wa intaneti una ugonjwa wake, na ugonjwa huo ni wa kisimulizi. Video haiji kama maji ya bomba. Hukatwa vipande vya sekunde chache chache, vikatumwa kimoja kimoja, na simu huweka akiba ya vipande kadhaa kabla ya kuanza kuonyesha ili isikwame njiani. Akiba hiyo ndiyo ucheleweshaji. Picha ya setilaiti nayo huchelewa, kwa kuwa husafiri zaidi ya kilomita 35,000 kupanda na kiasi hichohicho kushuka na hupitia mitambo ya kubana, lakini kwa kawaida hutangulia ile ya simu kwa sekunde nyingi. Redio mara nyingi hutangulia zote. Na arifa ya matokeo, iliyobonyezwa na yule aliyefungwa mdomo, mara nyingi huifikia simu yako kabla ya picha iliyomo ndani ya simu hiyohiyo.

Matokeo yake, Picha ya Ndege siku ya mechi ina saa nne tofauti. Goli hufika kwanza kwenye redio ya mlinzi wa ghala. Halafu linalipuka kwenye kibanda umiza, ambako watu wamelipa shilingi 500 wakakaa kwenye mabenchi chini ya bati. Halafu simu zinatetema mifukoni. Mwisho kabisa, yule aliyenunua bando ili atazame peke yake kwa raha zake anauona mpira ukipigwa pembeni kwa mchezaji ambaye, katika ulimwengu wa jirani zake, ameshafunga na ameshavua jezi kushangilia. Anatazama jambo analolijua mwisho wake. Wapo waliozima arifa zote kwa sababu hiyo, lakini huwezi kuzima kibanda umiza. Sauti ya watu mia ikipasuka nyuma ya ukuta wa mabati ni arifa isiyo na kitufe.

Wenzangu wa rika langu hupenda kuishia hapa: redio ilikuwa bora, programu ni balaa, turudi nyuma. Siwafuati huko, kwa sababu mbili.

Ya kwanza, redio ilidanganya. Ilidanganya kwa upendo, lakini ilidanganya. Mtangazaji mzuri aliweza kuipandisha mechi mbovu ikawa vita ya karne, na shuti lililopita juu kabisa "likapaa sentimita chache". Wapo waliokuwa na timu zao moyoni na ukiwasikiliza vizuri ulijua. Aliyekuwepo uwanjani alirudi nyumbani akibishana na waliosikiliza, na waliosikiliza ndio waliokuwa na uhakika zaidi. Programu haina mapenzi. Ikiandika dakika ya 54, ilikuwa ya 54. Ikisema kadi mbili, ni mbili. Katika nchi ambayo mabishano ya Simba na Yanga yanaweza kudumu kwa vizazi, kuwa na kitu kisichojua rangi ya jezi si jambo dogo.

Ya pili ni kuhusu nani aliyeruhusiwa kusikiliza. Redio ilikuwa ya baba. Yeye ndiye aliyeamua iwe stesheni gani na nani anyamaze. Kibanda umiza ni cha wanaume, kwa mabenchi yake, kwa matusi yake, kwa saa zake za usiku. Dada mmoja muuza dawa hapa kwetu ni Simba wa kutupwa. Hawezi kufunga duka, na hata angefunga, hana hamu ya kubanwa kwenye giza la kibanda ili aone goli. Simu yake hukaa nyuma ya boksi la paracetamol. Anafuata mechi nzima kati ya mteja na mteja, na ukimuuliza kesho yake atakupa kikosi, mabadiliko na dakika. "Kaka, mimi sijawahi kuingia uwanjani," aliniambia, "lakini unibishie wewe mechi yoyote ya msimu huu." Sikumbishia. Mstari ule mkavu ndio tiketi yake. Kadhalika mlinzi wa usiku, muuguzi wa zamu Tumbi, dereva wa lori aliyesimama foleni ya mizani. Kwa hawa, simulizi isiyo na kitenzi ni bora kuliko ukimya, na hukumu yoyote isiyowahesabu ni hukumu ya mtu mwenye muda wa kukaa.

Kwa hiyo siishutumu programu kwa kuwa fupi. Ufupi ni sanaa, na methali nayo ni fupi. Ninaishutumu kwa jambo jingine: inatufundisha kuamini kwamba kilichomo ndani yake ndicho kilichotokea. Hapo ndipo pana hasara ya kweli, na kwa mtu wa Kibaha hasara hiyo ina majina.

La kwanza ni Filbert Bayi, ambaye shule alizozianzisha ziko Mkuza, hapa hapa Kibaha. Februari 2, 1974, kule Christchurch, New Zealand, katika fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, alikimbia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi ya dunia. Ukiiweka kwenye programu, mstari ungekuwa namba moja, jina, bendera, muda. Na mstari huo ungekuwa umeshakufa, kwa sababu mwaka 1979 Sebastian Coe aliivunja rekodi hiyo. Kilichobaki hai ni namna. Bayi alitoka mbele tangu mwanzo, akakataa kujificha nyuma ya mtu kusubiri mzunguko wa mwisho kama desturi ilivyokuwa, akawaacha wenzake wamkimbize. John Walker alimfukuza mpaka mwisho, naye akamaliza chini ya rekodi ya zamani, na bado akawa wa pili. Zaidi ya miaka hamsini imepita na watu bado wanasimulia mbio zile kwa sababu ya kitenzi: aliongoza.

La pili ni Ruvu Shooting, timu ya Mabatini, Mlandizi, kilomita chache tu kutoka tulipo. Haikuwahi kuwa bingwa. Msimu wa 2022/23 ilishuka daraja. Kwenye jedwali ni timu iliyokuwa chini, kisha ikatoka. Lakini muulize shabiki yeyote wa mpira nchini, wa Mwanza au wa Mtwara, atakuambia kuhusu aliyekuwa msemaji wake, Masau Bwire, na neno "kupapasa", jinsi alivyowaahidi wakubwa kwamba watapapaswa wakija Mabatini, na jinsi nchi nzima ilivyocheka, ikiwa pamoja na waliotishiwa. Timu ndogo ilijipatia nafasi katika lugha ambayo haikuipata katika pointi. Timu kama hiyo ikishuka, programu humulika kwa mwanga hafifu zaidi, au haimuliki kabisa. Neno limebaki vinywani.

Na la tatu halina jina. Ni mechi za mchangani, za ndondo, zinazochezwa kila jioni kwenye viwanja vya vumbi kati ya nyumba zetu, magoli ya miti, mistari ya majivu. Kwa programu za Czech na Croatia na Norway mechi hizi hazijawahi kutokea. Hakuna aliyelipwa kuzibonyeza kwa sababu hakuna soko linalozihitaji. Hilo halinisikitishi, linanionyesha mpaka wa kile ninachokihakiki. Ramani ya programu inaishia pale dau linapoishia.

Juzi nilimkuta mtoto wa jirani, wa darasa la tano, anarudi kutoka huko, amebeba viatu mkononi, magoti meupe kwa vumbi. Nikamuuliza mechi imekwendaje, nikitegemea namba. Akaanza, bila hata kupumua, kwamba mpira ulikuwa kwa mwenzake upande wa mwembe, akamtoka mmoja, akamtoka wa pili, beki akateleza kwenye maji ya kufulia ya mama mmoja, yeye mwenyewe akaita "nipe, nipe", akapewa. Alisimulia mpaka tukafika kwao. Matokeo hakuyataja, na ilibidi nimuulize.